Mtoto Atapita Wapi?

Jirani yetu aliporudi nyumbani baada ya upasuaji, akina mama wa jumuiya tulikubaliana kumpelekea uji kwa zamu. Zamu yangu iliangukia Jumatano. Nyumba yake na yangu zinapakana kwa nyuma, hapa hapa Mbezi Beach. Jogoo wake akiwika ananiamsha mimi. Kama si ukuta, ningefika kwake kwa kupitia uani, hatua hamsini tu.

Lakini ukuta upo, wangu na wake, na katikati hakuna kichochoro. Nikabeba chupa ya uji, nikatoka getini, nikaufuata ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mwisho wa barabara. Nikakata kona, nikarudi kwa upande wa pili. Mahali palipokuwa na dimbwi nilisimama kusubiri magari yapite, maana pembeni kulikuwa na mtaro usiofunikwa. Mahali pengine lori lilikuwa limemwaga kifusi, nikalazimika kushuka katikati ya barabara. Nilitumia dakika kumi na nane.

Mgonjwa aliponiona alishangaa. "Mbona umekuja kwa miguu, mama? Gari limeharibika?"

Tulicheka wote wawili. Lakini wiki ile ile mtoto wa mtaa wetu, mwanafunzi wa darasa la pili, aligongwa na pikipiki akitoka shule. Alikuwa ameshuka barabarani kukwepa kifusi kile kile. Mungu alimnusuru, alivunjika mguu tu. Mama yake aliniuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu: "Sasa nimwambie apite wapi?"

Mpendwa msomaji, makala haya ni jaribio la kumjibu mama huyo.

Nyumba nzuri, mtaa usiopitika

Watu wengi wakilisikia jina la Mbezi Beach huona picha ya maghorofa, maua getini na upepo wa bahari. Picha hiyo si ya uongo. Wengi wetu tulijenga kwa jasho, tofali kwa tofali, na tunamshukuru Mungu. Lakini simama kando ya barabara yoyote ya ndani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uhesabu wanaopita kwa miguu. Utaona wanafunzi wenye mabegi. Utaona akina dada wa kazi wakienda kununua maziwa, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, mafundi wanaowahi saiti, wauza samaki na wauza mboga. Utaona na babu mmoja aliyeambiwa na daktari atembee kila siku kwa sababu ya sukari.

Hao wote wanapita katika barabara iliyotengenezwa kana kwamba hawapo. Gari lina nafasi yake, maji ya mvua yana mtaro wao, na nguzo ya umeme ina mahali pake. Mwenye miguu anajibana kati ya ukuta na gurudumu.

Tena si suala la maskini peke yao. Mama mmoja mwenye gari aliniambia kuwa hutumia saa nzima kila jioni kuwapeleka watoto kwa mwalimu wa ziada, kufuata mkate, na kumchukua mama mkwe kutoka kliniki. Safari zote hizo hazivuki kilomita mbili. Mama mkwe mwenyewe, aliyezoea kijijini kutembea apendavyo, sasa anakaa ndani ya geti kutwa nzima. "Mwanangu," alinitamkia siku moja, "nyumba hii ni nzuri mno, lakini sijui nyumba ya tatu anakaa nani."

Tulifikaje hapa?

Yapo mambo mengi tunayoyachukua kama mapenzi ya Mungu kumbe ni mapenzi ya mchoraji ramani. Mtaa usiopitika ni mojawapo.

Dar es Salaam imekuwa ikigawanywa kwa kanuni za ujenzi tangu wakati wa Wajerumani. Kanuni ya mwaka 1891 iliainisha aina za nyumba zilizoruhusiwa katika kila sehemu ya mji. Baadaye Waingereza waliendeleza mgawanyo huo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya mji wa biashara na makazi ya Waafrika ya Kariakoo. Mpango mkuu wa mwaka 1949 uliweka makazi ya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, na kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa wapi. Ujazo mdogo ulikuwa Uzunguni: viwanja vikubwa, nyumba katikati ya bustani, na bwana mwenye gari.

Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa rangi uliondolewa, lakini vipimo vilibaki. Mpango mkuu wa mwaka 1968 na ule wa 1979 uliendelea kuhesabu ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Maeneo ya kaskazini, ikiwemo Mbezi Beach, yalipopimwa na watu kuanza kujenga kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, viwanja vingi vilikuwa vikubwa, na barabara zilichorwa kwa mtu atakayetoka getini akiwa ndani ya gari.

Wakati ule hakuna aliyeona tabu. Majirani walikuwa wachache, ua ulikuwa wa michongoma, na watoto walikata njia katikati ya mihogo na minazi. Kisha viwanja vikajaa. Michongoma ikawa tofali, na kila aliyejenga ukuta alifunga njia moja ya miguu bila kujua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Hiyo ni zaidi ya watu milioni moja walioongezeka katika miaka kumi, na wengi wao wamekwenda pembezoni mwa jiji.

Hesabu ya duka la Mangi

Kwa nini hakuna duka karibu na nyumba yako? Hebu tufanye hesabu, kama tunavyofanya hesabu ya unga jikoni.

Mtu mzima hutembea karibu mita 400 kwa dakika tano. Chora duara lenye duka katikati na mita 400 kila upande. Ndani yake mna hekta 50 hivi. Tuseme theluthi moja ni barabara, shule na maeneo ya wazi. Zinabaki hekta 33 za nyumba. Kama kila kiwanja kina mita za mraba 1,600, familia zilizo karibu na duka hilo ni kama 200. Kama kila kiwanja kina mita za mraba 400, familia ni zaidi ya 800.

Mangi hawezi kuishi kwa wateja 200 ambao nusu yao hununua mahitaji ya wiki supamaketi kwa gari. Kwa wateja 800 anaweza, na pembeni yake fundi cherehani, genge la mboga na duka la dawa wataweza pia. Daladala nayo huenda penye abiria. Kwa hiyo umbali wa duka na uhaba wa usafiri umeanzia kwenye ukubwa wa kiwanja, miaka mingi kabla Mangi hajafika.

Linganisha na Sinza. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vidogo Sinza na Kijitonyama. Iliweka kwanza barabara na maji na kutenga maeneo ya huduma, ndipo wananchi wakajenga wenyewe kidogo kidogo. Mwaka 2021 Guy Michaels wa London na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maeneo ya namna hiyo katika miji ya Tanzania. Waligundua kuwa baada ya miongo kadhaa nyumba zake ni bora na mpangilio wa mitaa umedumu, kuliko mahali ambapo watu walijenga kwanza na mpango ukafuata baadaye. Sinza ina kasoro zake, na mzazi yeyote anayejua kelele za baa atazitaja. Lakini mama wa Sinza akiishiwa chumvi haitaji gari.

Barabara kuu na swali la mwendo

Mbezi Beach imekatwa na Barabara Mpya ya Bagamoyo. Kipande cha Mwenge hadi Tegeta, karibu kilomita 13, kilipanuliwa kuwa njia nne kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 2014. Foleni zilipungua, tukashangilia. Lakini barabara iliyopanuliwa kwa ajili ya gari inakuwa pana pia kwa mtoto anayeivuka. Ukishuka Makonde, Tangi Bovu au Africana, na nyumbani kwako ni upande wa pili, unayajua maombi ya mvukaji.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwisho wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Tujiulize kwa nini mwendo una uzito hivyo. Kanuni za barabarani za Uingereza hukadiria kuwa gari lenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa husimama baada ya mita 23, kuanzia dereva anapoiona hatari. Likiwa na kilomita 32, husimama baada ya mita 12. Mtoto akirukia barabarani mita 15 mbele, dereva wa pili atasimama na kutoa pole. Dereva wa kwanza atakuwa bado anakwenda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio tunaowasomesha kwa kujinyima.

Kuna habari njema: ujenzi wa awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka ulielekezwa kwenye barabara hiyo hiyo ya Bagamoyo. Awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu, na ni miongoni mwa mambo yaliyoiwezesha Dar es Salaam kupata Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Lakini basi zuri humfaa anayeweza kukifikia kituo. Kama kutoka getini kwako hadi kituoni ni kilomita moja ya kujibana ukutani, utawasha gari, na foleni itarudi pale pale.

Shule zilizobadilika hapa hapa Dar es Salaam

Wengine watasema haya ni ya Ulaya. La hasha. Mfano bora tunao nyumbani.

Shirika la Amend lilianza kufanya kazi katika shule za msingi za Dar es Salaam ambazo watoto wao walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Hawakuanza na fedha nyingi. Walianza kwa kutazama: watoto wanatoka geti gani, wanavukia wapi, magari yanakuja kwa mwendo gani, ni wapi wanalazimika kushuka barabarani. Kisha walifanya mambo madogo. Waliweka matuta, vivuko vya pundamilia, vibao, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda njia ya miguu, na njia ya miguu yenyewe. Kwingine walihamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari mengi kwenda upande wenye utulivu. Watoto nao walifundishwa kuvuka.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ukilinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo bado, ulionyesha kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya WRI Ross ya miji, yenye thamani ya dola 250,000, ikishindanishwa na miradi ya miji kutoka pembe zote za dunia. Iliyoshinda ni tuta, rangi nyeupe na geti lililohamishwa.

Majirani zetu nao wameamka. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, ikiahidi kuwatengea sehemu ya moja kwa tano ya bajeti ya usafiri. Kutimiza ahadi ni jambo jingine, kama ilivyo kila mahali, lakini wananchi wana karatasi ya kudai.

Na Uholanzi, ambayo leo tunaisifu kwa baiskeli, haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 barabara zake ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi walichoka kuzika. Wakaanzisha harakati waliyoiita "Komesheni Mauaji ya Watoto", wakafunga mitaa ili watoto wacheze, wakaenda kwa wabunge na michoro mkononi. Mwaka 1976 sheria ilitambua mitaa ya makazi ambamo gari ni mgeni na lazima litambae. Akina mama na akina baba wa kawaida walianza, na wahandisi wakafuata.

Nani ana kalamu?

Hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa, kwa kuwa hatujui mlango wa kubisha. Milango ni hii.

Barabara kuu, kama ya Bagamoyo, iko chini ya TANROADS. Barabara za ndani ziko chini ya TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Mipango ya matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi na michoro ya mitaa iko kwa Manispaa ya Kinondoni, ofisi ya mipango miji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Fukwe zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini au kando ya mto. Kwa hiyo unapotaka kupeleka watoto ufukweni ukakuta ukuta baada ya ukuta, usidhani ni lazima iwe hivyo.

Mtu akitaka kugeuza nyumba kuwa ghala, kituo cha mafuta, shule au baa, anatakiwa kuomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na tangazo hutolewa ili wenye pingamizi waseme. Wangapi kati yetu tumewahi kusimama kusoma kibao kile kilichopigiliwa getini? Tunakuja kulalamika muziki ukishaanza.

Na chini ya yote hayo upo mkutano wa mtaa, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Hapo ndipo mahitaji ya mtaa hupokelewa, yakaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakafika kwenye bajeti. Mara ya mwisho nilipohudhuria, akina mama tulikuwa saba. Wenye malori ya mchanga walikuja wengi kuliko sisi, na barabara iliyozungumzwa siku ile ilikuwa ya malori.

"Mtatuletea wezi na walevi"

Nilipoanza kuzungumza habari hizi jumuiyani, mambo mawili yalipingwa sana. Ni hofu za kweli, nami sikuzidharau.

La kwanza ni usalama. "Ukifungua kichochoro kati ya viwanja, umemfungulia mwizi." Kichochoro chenye giza, kirefu, chenye kuta ndefu pande zote mbili, hakika ni hatari, hasa kwa binti anayerudi jioni. Lakini kinachomtisha mwizi ni macho ya watu. Barabara yenye kuta za mita tatu na bila mpita njia haina macho hata mchana. Njia fupi iliyonyooka, yenye taa, ukuta wenye nondo zinazoonyesha ndani badala ya tofali tupu, na genge kwenye kona ambapo mama anauza hadi saa mbili usiku, ina ulinzi ambao mlinzi mmoja getini hawezi kuutoa.

La pili ni baa. Ni kweli kwamba palipoanza duka huibuka kaunta, na kaunta huzaa kelele. Lakini hapa ndipo mpango wa matumizi ya ardhi unapokuwa na faida. Mpango unaweza kuruhusu duka la mahitaji, kliniki, shule ya awali, fundi na genge katika kona fulani, na ukakataza baa na ghala. Tusipopanga, atatupangia mwenye fedha. Kukataa biashara zote hakujazuia baa Mbezi Beach. Kumezuia Mangi.

Mambo saba yanayowezekana

Nilimwomba afisa mmoja mstaafu wa mipango miji atusaidie kutaja mambo yasiyohitaji kubomoa nyumba ya mtu. Nayaeleza kwa maneno yangu.

1. Funikeni mitaro. Mfuniko wa zege juu ya mtaro ni njia ya miguu iliyokwisha kupatikana bila kuchukua ardhi ya mtu.

2. Ombeni matuta na vivuko karibu na shule, kanisa, msikiti na zahanati. Andikeni barua kwa TARURA kupitia ofisi ya mtaa, mkiambatanisha picha na idadi ya watoto mliowahesabu.

3. Lindeni hifadhi ya barabara. Kifusi, bustani iliyozungushiwa mawe na gari bovu lililoegeshwa mbele ya ukuta vinamsukuma mtoto barabarani. Tuanze na mbele ya geti letu wenyewe.

4. Tafuteni njia zilizopotea. Kwenye michoro ya zamani ya mipango miji huwa kuna vichochoro na maeneo ya wazi yaliyomezwa na kuta. Ombeni kuuona mchoro wa eneo lenu manispaa.

5. Pandeni miti ya kivuli upande mmoja wa barabara. Joto la Dar es Salaam la Januari humrudisha mtembeaji ndani kuliko umbali.

6. Ruhusuni nyumba ndogo. Mwenye kiwanja kikubwa akijenga nyumba ya kupangisha uani kwa kibali, mjane hupata kipato, mwalimu wa shule ya jirani hupata pa kuishi, na Mangi hupata mteja.

7. Someni matangazo ya mabadiliko ya matumizi. Mkiunga mkono, semeni. Mkipinga, pingeni kwa maandishi na kwa sababu.

Tulichofanya sisi

Baada ya mtoto yule kuvunjika mguu, akina mama tisa tulikubaliana kutembea. Hatukufanya maandamano. Tulikwenda tu kutoka kona ya mtaa hadi shuleni, asubuhi ya siku ya shule, tukiwa na daftari. Mmoja alihesabu watoto, mmoja alihesabu magari na pikipiki, mwingine aliandika kila mahali ambapo mtoto alilazimika kushuka barabarani. Katika mwendo wa dakika ishirini na mbili tuliandika mahali kumi na nne.

Tulimpelekea mtendaji wa mtaa orodha ile. Alidhani tumekuja kwa ajili ya ugomvi wa maji. "Mama zangu," alisema baada ya kuisoma, "watu huja hapa kuniambia barabara mbaya. Hakuna aliyewahi kuniambia mbaya wapi." Siku ya Jumamosi alikuja kutembea nasi. Tulipofika penye kifusi, mwenye nyumba alitoka kwa hasira, akamkuta mtoto mwenye plasta mguuni amesimama na mama yake. Kifusi kiliondolewa kabla ya jua kuzama.

Nisikudanganye, msomaji. Mahali kumi na nne sasa ni mahali tisa. Mitaro miwili imefunikwa kwa michango ya majirani, tuta moja limejengwa, na gari bovu limevutwa. Ombi la njia ya kukatiza kati ya kuta bado liko mezani, na huenda likakaa huko muda mrefu. Jirani yangu aliyefanyiwa upasuaji amepona, naye sasa hunizungukia kwa dakika zile zile kumi na nane. Tumezungumza na waume zetu kuhusu mlango mdogo katika ukuta unaotutenganisha, wenye kufuli pande zote mbili. Wao bado wanafikiri. Sisi tumeshapima.

Mtoto yule amerudi shule. Asubuhi namwona akipita juu ya mfuniko wa mtaro, akiruka-ruka kama watoto wafanyavyo wakipata pa kupita.

Kwa majadiliano ya kikundi

1. Tembeeni pamoja kutoka nyumbani hadi shule au zahanati iliyo karibu. Ni mahali pangapi ambapo mtoto au mzee analazimika kushuka barabarani?

2. Ni nani katika mtaa wenu hajatoka nje ya geti wiki hii kwa sababu hana wa kumpeleka kwa gari?

3. Mkutano ujao wa mtaa wenu ni lini, na ni nani kati yenu atakwenda?